Diskus Wangu Wanataka Giza, Majirani Wanataka Mlango Wazi

Mama Mwavita mpendwa,

Nakuandikia nikiomba unishike mkono katika jambo ambalo huenda wasikilizaji wako watalicheka, lakini mimi linaninyima usingizi, na nakusihi usilitaje jina langu redioni, sema tu karani wa Buyenzi, ingawa najua mtaani kwetu watanitambua kabla hujamaliza sentensi ya kwanza.

Mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akiishi Kiriri, kule mlimani, ameamua kurudi kwao, kama wengi walivyoamua mwaka huu wa machafuko, na mimi ndiye niliyemtayarishia karatasi za mizigo ofisini kwetu, na alipokuja kuzichukua aliniuliza kama naweza kutunza kitu kinachopumua. Kumbe ni akwariamu, tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, limepandwa majani ndani kama bustani, na humo mna samaki watano waitwao diskus, bapa na duara kama sahani, rangi ya chungwa na michirizi ya buluu, ambao asili yao ni mito ya Amazoni wala si ziwa letu. Alinifundisha kwa subira: maji yao yawe laini, ya mvua, si ya bomba, yawe vuguvugu, nao wazoeshwe maji mapya kidogo kidogo, taa izimwe, na siku za mwanzo wasisumbuliwe na mtu, kwa sababu diskus akiogopa huwa mweusi, hugoma kula, na akigoma sana hufa.

Tangi lilitangulia kwa pikapu. Samaki niliwashusha mwenyewe ndani ya teksi, kwenye ndoo yenye mfuniko, na kwenye kizuizi askari akaniamuru nifungue, nikafungua, akachungulia, akawaita wenzake, nao wakachungulia, kisha akasema, "Pita. Lakini mwambie dereva aende polepole." Mama, siku ile nilijiona mtu mkubwa.

Nilifanya kila nililofundishwa. Nilikinga mvua ya paa kwenye mapipa safi, nikapanda majani upya yakashika, nikayachanganya maji kikombe kwa kikombe hadi samaki walipoingia bila kushtuka. Mama yangu, Bi Sijaona, ambaye hajacheka tangu tulipompoteza kaka yangu, alivuta kigoda mbele ya kioo akasema, "Mashallah, hawa wamevaa vizuri kuliko sisi." Nami ili wapate utulivu nikafunga mlango na madirisha mchana kutwa, na kwa kweli walianza kurudisha rangi, na mmoja akala mkononi mwangu.

Basi hapo ndipo taabu ilipoanza. Wewe unajua, nyumba inayofungwa mchana mwaka huu huulizwa inamficha nani. Ijumaa, tukitoka msikitini, jirani yetu Radjabu, fundi wa magari, alinishika bega mbele ya watu:

"We Karani, mulango inafungwa muchana yote juu ya nini? Iko nani mule?"

"Ni samaki, kaka Radjabu."

"Samaki! Anakimbia nani? Alifanya nini kule kwao?"

Watu wakacheka, lakini mkuu wa mtaa, aliyekuwa akivaa viatu karibu yetu, hakucheka. Nikaogopa, nikafungua kila kitu, na nusu ya mtaa ikaingia sebuleni, wakamulika tochi, wakagonga kioo, na Mzee Ilyasi akataka kujua mmoja anatosha watu wangapi kwa wali. Sikuweza kumkataza mtu. Na nakiri kwamba nilifurahi pia, maana watu walioacha kutembeleana walikuwa wamebanana bega kwa bega nyumbani kwetu wakisema mashallah. Walipoondoka, samaki wote walikuwa weusi wamejibana kona moja, na yule mkubwa analala ubavu nyuma ya majani, hali kitu.

Sasa, Mama, nikifunga, nyumba yangu itashukiwa, na mama yangu yumo ndani. Nikifungua, watakufa mbele ya macho yake. Nifanye nini?

Karani wa Buyenzi


MAMA MWAVITA ANAJIBU

Mwanangu, hofu yako siicheki. Mwaka huu asiyeogopa hana akili. Lakini nitakugombeza, kwa sababu kijana aliyejua kuchanganya maji kikombe kwa kikombe ameshindwa kuchanganya majirani zake kwa namna hiyohiyo. Umewafungia wote, halafu umewafungulia wote. Hata binadamu angelala ubavu.

Tena umefunga kisichohitaji kufungwa. Samaki hana habari na mlango wako. Dunia yake inaishia kwenye kioo. Nimemuuliza Odette, mwenye akwariamu kwenye mkahawa wake Kinindo, naye anasema vivyo hivyo: funika tangi pande zote nne kwa kanga mbili za mama yako, acha juu wazi wapate hewa, zima taa, usiwape chakula mpaka kesho, kisha wape kidogo sana na uondoe masalio. Badilisha maji kiasi, ya mvua, yenye joto lilelile. Yule mkubwa usimguse. Usimchokoe kwa kijiti uone kama yu hai, najua unatamani.

Na mlango? Uache wazi kabisa! Madirisha pia. Kila apitaye aone sebule, kigoda na tangi limevaa kanga. Atakayeuliza, mama yako amjibu kwamba samaki wako kwenye fungate. Buyenzi nzima inajua fungate ni nini. Hakuna jirani anayemshuku bibi harusi kwa kuwa ndani siku saba, na hakuna mwenye adabu anayemmulika tochi. Mlisahau kuwapa wageni wenu heshima ambayo kila nyumba hapo huwapa maharusi wake.

Leo hii, kabla ya kazi, nenda kwa mkuu wa mtaa. Usingoje aje. Mkaribishe peke yake, akae, uinue pembe ya kanga kidogo aone kwa macho yake, umweleze kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Huna haja ya kuomba radhi. Umeteremsha uhai kutoka Kiriri hadi Buyenzi, ukapita kizuizini, mwaka ambao watu wanashindwa kupitisha hata mkaa. Sema hivyo bila kuinamisha kichwa.

Halafu mwendee Radjabu. Mwombe awe mlinzi wa fungate. Mtu anayetaka sana kujua kilichomo ndani, mpe kazi ya kukilinda, utaona atakavyowafukuza wengine kwa ukali kuliko wewe.

Siku ya nane, asubuhi, kwa mwanga wa dirishani tu, Bi Sijaona azivue kanga kwa mkono wake. Si wewe, yeye. Watu waingie wawili wawili, wakae chini, watazame, watoke. Nitakuja na mimi, nimeshaomba ruhusa hapa kazini. Na atakayegonga kioo, Radjabu amtoe nje, hata kama ni Mama Mwavita wa redioni.