Mishale ya Baba Isiguswe

Kambini, ng'ambo ya Mwingi

Kwa dada yangu Mwikali,

Pokea salamu zangu nyingi. Je, mvua imeonekana hapo Ikutha? Watoto wako wanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na barua yako imeuzidishia maumivu.

Unasema uvimbe wa koo sasa hauruhusu hata uji, hospitali wamemrudisha Baba nyumbani, na kila asubuhi anakuonyesha kwa kidole mishale aliyoficha paani tangu serikali ikataze uwindaji. Anataka umchome mmoja wenye sumu, alale. Mchungaji amekwambia ni dhambi, shangazi amekwambia ni huruma, nawe unaniuliza mimi mkubwa wako. Sina elimu ya mchungaji. Nina jambo nililolifanya kwa mkono wangu.

Rafiki yangu Mutua, niliyekuja naye huku kuchunga ng'ombe za tajiri, mlisikia aliuawa na wezi wa mifugo. Hiyo ni nusu ya habari. Walituvamia kwa bunduki asubuhi tukinywesha ng'ombe. Walipoondoka nilimkuta ameshika matumbo yake kwa mikono miwili, yamejaa mchanga na nzi. Gari hakuna, na Mwingi ni mwendo wa siku mbili. Alilia mpaka jua likawa utosini.

"Kyalo, nimalize," akaniambia. "Mbuzi ikivunjika mgongo, wewe unaiachanga tu hapo?"

Nilikataa mara tatu. Mara ya nne nikachomoa mshale podoni, nikamchoma. Sisi Wakamba tunajisifu kwa sumu yetu, eti hata ndovu haendi mbali nayo. Ujinga mtupu. Ngozi ya kufunika ncha ilishafunguka zamani, sumu ikakauka. Hakulala, Mwikali. Alitapika, akajipinda, akauma ulimi mpaka damu ikajaa kifuani. Kisha akanishika mguu.

"Ngoja kwanza. Nimekataa. Nipatie maji, nipeleke kwa mama."

Nilimpa maji, hakuweza kuyameza. Macho yalipogeuka na mwili bado unarukaruka, nilichukua jiwe. Nilimpiga nalo zaidi ya mara moja. Mama yake anajua ni risasi tu, na kila nikija likizo ananichinjia kuku kwa sababu nilikuwa na mwanawe mpaka mwisho. Ile nyama hainipiti kooni.

Wenzangu wa kambini bado wanabishana. Mmoja anasema nilimsaidia, mwingine hali nami sahani moja. Siwezi kumlaumu hata mmoja. Wewe pia sikukemei; kumsikiliza mzazi akigumia kwa maumivu kutwa nzima si mchezo. Ila nina hasira na Baba kwa kukutwika mzigo huo. Mishale ile imekaa juu ya moshi miaka yote bila kufunikwa. Yeye mwenyewe alitufundisha kwamba hiyo haifai hata kwa digidigi. Maumivu yamemsahaulisha.

Nimeomba ruhusa, nakuja na lori la mbuzi la Jumamosi. Nisalimie shangazi, mchungaji, na mama yake Mutua. Kwake usiseme neno, na barua hii itie jikoni iungue.

Baba akikuonyesha tena paa, mloweshe midomo, umshike mkono, halafu umuulize upya. Mimi maji niliyatoa nikiwa nimechelewa.

Ndugu yako,
Kyalo