Sikumwiba Madame Hilda

Molenbeek, Brussels
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mwanao Zuhura, na kabla sijasema lolote niambie, miguu yako inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Tonton Salumu akuletee imefika mkononi mwako, au imeishia kwenye mifuko yake? Na Baba mdogo, kifua chake kimetulia? Mimi huku mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio hauko sawa. Nina hasira, Mama, hasira ya kuamka nayo na kulala nayo, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Kadi ya simu inakwisha kabla sijafika hata katikati. Rehema mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea. Soma yote. Ukiruka pale nilipokasirika utakuwa hujasoma kitu.

Nimesikia, Mama. Mke wa Hamisi, hawa jirani zangu wa ghorofa ya chini, amekuja huko kwetu Buyenzi likizo na kuwaambia watu, tena msibani, kwamba Zuhura ameiba bibi kizee wa Kizungu, akavuka naye bahari, akarudi peke yake. Ati polisi wananitafuta. Nilipoletewa maneno hayo nilikuwa nakaanga samaki. Nikazima jiko nikakaa sakafuni. Kufukuzwa kazi ni kweli. Kuvuka bahari ni kweli. Kurudi peke yangu ni kweli vilevile. Lakini kuiba? Mtu ana miguu yake na akili yake, anaibwaje?

Basi nisikilize mimi mwenyewe.

Madame Hilda unamjua kwa jina. Ndiye yule bibi Mwingereza niliyekuwa namhudumia kule Saint-Gilles, kwenye nyumba moja ndefu iliyokatwakatwa vyumba vya kupangisha. Asubuhi namwogesha, namvika, nampikia uji wake wa shayiri, jioni narudi kumlaza. Magoti yamechoka, lakini akili yake inakata kama wembe. Tulikuwa tunaongea Kifaransa, yeye chake cha shule, mimi changu cha Bujumbura, na tulielewana kuliko watu wengi wa lugha moja.

Ukutani alikuwa na picha ya nyumba yao kijijini Uingereza. Ungeiona, Mama, ungecheka. Nyumba ya miti na udongo! Magogo meusi yamesimamishwa, katikati zimesukwa fito zikakandikwa udongo, sawasawa na nyumba ya bibi kule Rumonge, ile tuliyoibomoa kwa kuionea aibu. Ghorofa ya juu imetokeza mbele kama kitambi cha tajiri, na hakuna ukuta ulionyooka. Lakini imesimama tangu enzi za watu kupigana kwa panga na farasi, zaidi ya miaka mia tano, na serikali yao imekataza mtu kubadilisha hata kitasa. Madame Hilda alizaliwa humo. Mume alimkuta humo. Mtoto wake mmoja tu, Philip, alimzalia humo.

Huyo Philip anafanya kazi hapa Brussels, kwenye yale maofisi makubwa ya Ulaya. Suti nzuri, sauti ya chini, hajawahi kunitukana. Alimwambia mama yake, nyumba ni nzito kwako, tuikabidhi chama cha kutunza majumba ya kale, wageni waje kuitazama, wewe utabaki chumbani kwako juu kama kawaida. Mama yake akakubali. Kisha akasema ngazi ni hatari, na sheria haituruhusu kuweka nyingine, kwa hiyo njoo Brussels upitishe baridi tu. Bibi akafunga sanduku dogo akaja. Baridi ikapita, joto likapita, baridi ikarudi. Kila akiuliza, Philip anambusu kichwani: "Bado kidogo. Chumba chako kinakungoja kama ulivyokiacha."

Siku moja alikuja na keki, akasema hatutamwona mwisho wa wiki, anakwenda kule nyumbani, kuna sherehe ya kuwafungulia wageni mlango kwa msimu mpya.

"Na mimi?" mama yake akauliza.

"Wewe umechoka. Safari ni ndefu."

Alipoondoka, bibi akanigeukia. "Zuhura, mimi nimechoka?"

"Kwa kumsikiliza yeye, ndiyo, Madame."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akafuta macho, akanitazama, akasema neno moja tu: "Nipeleke."

Bon, Mama, mimi si mtoto. Nilijua kazi yangu iko hatarini. Nilimwambia ampigie mwanawe kwanza. Akasema, "Nina umri huu, nimwombe ruhusa mtu niliyemnyonyesha?" Pasi alikuwa nayo, na mimi nina yangu ya Ubelgiji. Tiketi aliagiza mwenyewe kwa simu, kwa jina lake na langu. Huo ndio wizi wangu. Tulipanda treni Gare du Midi asubuhi peupe, watu wakitutazama. Treni ilipoingia chini ya bahari mimi nilisoma Ayatul Kursi, yeye akala biskuti.

Tulifika kwa teksi. Kijiji kizuri, kimya, maua kila dirisha. Alipoiona ile nyumba alinishika mkono, akaubana. Mlangoni palikuwa na meza, na mwanamke mwenye beji kifuani akitabasamu, anauza tiketi za kuingilia. Kiingereza changu kidogo, lakini yaliyosemwa bibi alinitafsiria baadaye. Alimwambia yule mwanamke, "Mimi nimezaliwa humu, chumba cha juu." Yule akajibu, "Oh, inapendeza sana! Wazee wanapunguziwa bei." Na Madame Hilda akafungua mkoba wake, akalipa. Alilipa, Mama, kuingia kwao! Mimi pale damu ilianza kunichemka.

Ndani ni ukumbi mkubwa wa giza, mawe ya sakafu yamelika kwa miguu ya watu, na meko unayoweza kusimama ndani yake. Kando ya meko kuna kiti cha mbao chenye mikono. Madame Hilda alikwenda moja kwa moja. Lakini kamba ilikuwa imefungwa mbele yake, na juu ya kiti wameweka ua kavu la miiba. Nikauliza la nini. Akaniambia ndivyo wanavyofanya kwenye nyumba za makumbusho, ili mtu asikae.

Nilifungua kamba. Nililitoa lile ua, likanichoma kidole, nikalitupa kwenye meko. Nikamkalisha mama wa watu.

Akaja mzee mmoja mwenye beji, mbio mbio. Bibi tafadhali, kiti hiki ni cha kale sana. Madame Hilda akamjibu taratibu, "Mimi pia. Hapa ndipo nilipomnyonyesha mwanangu, na nitakaa mpaka magoti yapoe." Wageni wakasimama kutazama. Mmoja akatupiga picha, kama sisi nasi ni sehemu ya maonyesho.

Philip alikuwa bustanini na wakubwa wake, glasi mkononi. Aliitwa. Aliingia, akamwona mama yake, akapauka. Hakumwendea yeye, alinijia mimi, akaniambia kwa Kifaransa ili wale Waingereza wasielewe, "Nani amekupa ruhusa ya kumleta?"

"Yeye mwenyewe."

"Mama yangu hajui tena anachotaka."

Kutoka kitini ikatoka sauti, kwa Kifaransa kilekile cha shule: "Nimekusikia, Philip."

Hata wasiojua lugha walielewa. Madame Hilda akanyoosha mkono nimwinue. "Sasa nataka kuona chumba changu."

"Ngazi imefungwa," Philip akasema. "Mama, si leo. Ni hatari."

Tukamwacha anasema. Ngazi ya mbao, nyembamba, inapinda. Yeye mbele kashika ukuta, mimi nyuma nimemkingia mgongo wake kwa bega langu, Philip nyuma yangu anaita jina lake. Lakini tulifika, nikasukuma mlango.

Kitanda hakipo. Kabati halipo. Ukutani vioo vikubwa, viti vya pinki vya kuzunguka, maua ya plastiki, gauni jeupe limetundikwa dirishani. Wanakodisha nyumba kwa harusi, na chumba cha mama yake wamekifanya pa kuwapambia mabibi harusi.

"Nguo zangu ziko wapi?" akauliza.

Philip akatazama viatu vyake. "Tulizigawa. Kwenye lile duka la misaada, pale kijijini."

"Lini?"

Akauliza tena, "Lini, Philip?"

"Wiki ile ulipoondoka."

Mama, mimi nimewahi kuona watu wakifukuzwa makwao. Wewe unajua tulivyoondoka kwetu usiku ule, na nani alikuja kulala kwenye vitanda vyetu. Wale walikuja na bunduki. Huyu alikuja na busu la kichwani. Yule bibi hakulia. Aligusa ukuta, ule udongo uliopakwa chokaa, akaupapasa kama unavyopapasa shingo ya ng'ombe, akasema, "Tushuke."

Mimi ndiye niliyepiga kelele. Palepale ngazini, Kifaransa, Kiswahili, vyote. Nilimwambia, mnakataza mtu kugusa kitasa, lakini mama mzazi mnamng'oa! Gogo la mti mnalitunza, aliyekuzaa umemtupa ghorofa ya tatu Saint-Gilles, na kila Jumapili unamdanganya machoni! Akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Huna kazi tena. Na nitaita polisi." Nikamwambia aite na jeshi.

Tulipofika ukumbini, kati ya wageni alijitokeza mwanamke mnene na mbwa wake, akatumbua macho. "Hilda?" Alikuwa Maureen, jirani wa ng'ambo ya barabara, wamekua pamoja. Alimkumbatia akilia. Alipopata pumzi akasema, "Philip alituambia hutambui mtu tena. Tusikuandikie, utachanganyikiwa." Mama, hapo hata yule mzee wa beji alimgeukia Philip, akamtazama.

Maureen anaishi kwenye nyumba ndogo ya matofali, mbaya kuitazama, chumba na bafu chini, hakuna ngazi. Alitupeleka kunywa chai. Polisi kweli alikuja, kijana mpole, kofia kwapani. Alimuuliza Madame Hilda kama ameletwa kwa nguvu. Akasema hapana. Akamuuliza kama anataka kurudishwa Brussels. Akasema, "Kijana, mimi nipo kijijini kwangu. Anayetakiwa kurudishwa Brussels ni mwanangu." Maureen akasema kitanda kipo. Polisi akanywa chai yake akaenda zake.

Kwa hiyo nilirudi peke yangu, kwa sababu aliyetaka kubaki alibaki. Nilimwonyesha Maureen jinsi ya kumwinua Madame Hilda bila kumuumiza bega, nikamkata kucha, nikamsuka nywele zake zile nyepesi. Kuagana sitaki kukuandikia.

Kesho yake watu wa ofisi walionipa kazi wakaniita. Philip alikuwa keshawapigia. Hawakuniuliza neno, walidai ufunguo. Miaka yote ile nimeosha wazee wao, nimefunga macho ya waliokufa, na hakuna aliyesema, Zuhura, hebu kaa, tueleze ilikuwaje. Nilitamani kupindua ile meza. Nikaweka ufunguo nikatoka. Sasa nasafisha maduka alfajiri pamoja na mama mmoja wa Kimoroko, mgongo unauma, lakini tunakula. Usiwe na wasiwasi.

Wiki iliyopita nilikuwa Porte de Namur, nimetoka Matonge kununua unga wa muhogo. Nani anapanda ngazi za metro? Philip. Tulikutana uso kwa uso. Nilikaza mfuko wangu, nikajiandaa, maana maneno niliyokuwa nimeyapanga kichwani tangu siku ile yangejaza kitabu. Amekonda. Hakunisalimia. Alisimama, watu wanampiga vikumbo, akauliza, "Hajambo? Mama yangu… hapokei simu zangu. Wewe anakupigia?"

Ni kweli, Mama, hunipigia kila Ijumaa. Wangapi wangepata nafasi kama ile? Ningeweza kumwambia avuke bahari akamuulize. Ningeweza kumpita. Nilimtazama yule mtu aliyeninyang'anya kazi, akiningoja nimpe habari za mama yake mzazi, na nikasikia mdomo wangu unasema:

"Anakula vizuri. Goti la kushoto linamsumbua kukiwa na mvua."

Akasema asante. Nikateremka kwenye metro, na nikiwa mle ndani nililia kwa hasira mpaka nikapitiliza kituo changu. Kwa nini nilimjibu, sijui. Sijamsamehe. Hata leo sijamsamehe.

Nisalimie Baba mdogo, na mkewe anayetupikia wali wa sikukuu. Shangazi wa Kigoma mwambie nguo ya mtoto wake nimeipata. Mwalimu wangu wa madrasa, kama macho yake bado yanaona, mpe mkono wangu. Na wifi yangu, mjane wa kaka, mwambie namkumbuka kila ninapokoroga chai. Rehema, asante kwa sauti yako. Sasa weka karatasi chini, umchue Mama miguu, polepole, kuanzia kwenye vifundo.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na nisiyetulia,

Zuhura