Mto wa Sufi

Mlali, 12 Juni 1996

Mwanangu Editha,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Sisi wazima, kabichi zimekubali, baba yako anakohoa kidogo tu.

Unasema huko Sri Lanka kwa Wabudha mnakaa kimya saa nzima mkitafakari, na magoti yanawaka moto. Hilo nalijua mimi. Nilipokuwa mwali niliwekwa ndani miezi saba, kucheka marufuku. Shangazi akipita ananifinya: "We, unajikuna nini, una viroboto?" Lakini ndiye aliyenifundisha kukaa. Usikalie chini patupu. Inua makalio, magoti yatashuka yenyewe. Mguu ukifa ganzi usishindane nao, ugeuze polepole. Nimekushonea mto wa sufi, kitambaa ni gauni la mtumba la Morogoro mjini. Usiyacheke maua yake.

Sasa hili la kunyoa kichwa uwe mtawa wao moja kwa moja. Nilipomsomea baba yako barua, hapo nilipapita kimya. Mimi kukaa sikukatazi, mama, maana hata mimi mule ndani nilipata utulivu ambao mpaka leo naukumbuka. Ila mwali hutoka, watu wakamwona. Na huku kwetu mtoto hunyoa kichwa mama yake akifa, nami nipo.

Njoo kwanza nikusuke. Ukinyanyuka hapo magotini kwangu bado unataka kunyoa, nitakunyoa mimi mwenyewe.

Ni mimi mama yako,
Theresia