Kifungu cha Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Nimekohoa tena mpaka jua limepanda. Beseni, maji, kitambaa. Mwili huu unanuka kama tambara lililosahauliwa kwenye ndoo. Mchana Mama Julienne, jirani yangu hapa mtaani Panda, ameleta bukari, ugali wa huku, na kuku. Firigisi juu kabisa ya sahani. Kwao firigisi ni ya mwanamume mkubwa kuliko wote, mwanamke haionji. Baba yake alikufa, mumewe alikufa, sasa ananipa mimi. Nimeimeza. Nimeitapika.

Jumanne, 4 Machi
Kabulo, kaka yake Julienne, amekuja na karatasi ya kampuni ya madini. Ile ile. Imekunjwa mara nane, inanuka mende. Parokia imewapatia watu wa kijiji chao mwanasheria, naye anataka kujua walielezwa nini siku ya kutia sahihi.

"Papa Prof, weye njo ulitusomeaka hii karatasi. Kifungu cha tisa, hii neno override, inasemaka nini?"

Nikasema nimechoka, arudi Ijumaa. Akanishukuru. Akanivua viatu, akanilaza. Mikono yake kwenye miguu yangu. Kinyaa kilinishika, si chake, changu.

Jumatano, 5 Machi
Katekista ameniletea majivu ya Kwaresima nyumbani. Nimefungua kamusi ingawa siihitaji. Kitenzi hiki nilikifundisha ubaoni miaka mingi. Override: kitu kimoja kuwa na nguvu juu ya kingine, hata kile kingine kisihesabiwe tena. Amri ya waziri juu ya amri ya gavana. Hofu inapoizima njaa. Fundi anapounyang'anya mtambo uendeshaji wake na kuushika kwa mkono. Si kutangulia kwenye foleni. Anayetangulia humwachia wa nyuma zamu yake. Hapa wa nyuma hana zamu.

Wanafunzi waliochanganya hayo mawili niliwapa sifuri. Mimi!

Alhamisi, 6 Machi
Niandike kabla sijafa.

Mkutano ulikuwa kijijini kwa akina Kabulo, upande wa Kakanda. Mkubwa wa kampuni aliahidi kwa mdomo, mbele ya chifu: makaburi hayataguswa. Kisha ikaletwa karatasi ya Kiingereza. Nilikuwa mkalimani. Kifungu cha tisa kilisema karatasi ina nguvu juu ya ahadi zote zilizotolewa kabla yake. Yaani ahadi ya makaburi ilikufa pale pale, kabla mate ya aliyeisema hayajakauka.

Nilielewa. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema: karatasi inalinda ahadi zote za kwanza. Chifu akabonyeza kidole gumba chenye wino penye sahihi.

Kwa nini? Niliahidiwa kazi ya kudumu. Na kiti cha mbele ndani ya jeep. Nilikipenda kile kiti. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote.

Misimu miwili ya mvua baadaye tingatinga lilipita makaburini. Mama yake Julienne alikuwa amezikwa humo. Watu walisema kampuni imevunja ahadi. Mimi hakuna aliyenitaja. Nikaendelea kukaa benchi la kwanza kanisani, nikipokea komunyo kabla ya wajane wao.

Ijumaa, 7 Machi
Wamekuja wote wawili, Kabulo na dada yake. Nimesema yote, bila kujipaka mafuta.

Kabulo alicheka. "Papa Prof, ni homa njo inasema."

Nikarudia. Hakucheka tena.

Julienne aliuliza jambo moja tu. "Ulijua siku ile ile?"

"Ndiyo."

"Na miye nilikuwa nakuchagulia firigisi."

Akatoka. Nilimsikia akitema mate uani.

Nimemwandikia mwanasheria barua kwa Kifaransa: maana ya kweli ya kifungu, na maneno niliyosema badala yake. Nimetia sahihi. Herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa, lakini zinasomeka. Kabulo ameichukua, hakuaga.

Jumamosi, 8 Machi
Hakuna aliyekuja. Nilistahili. Maji yamebaki nusu ndoo.

Jumapili, 9 Machi
Kengele imelia, sikwenda. Sikutegemea chakula.

Julienne amekuja baada ya misa. Amesimama mlangoni na sahani. Ameokota firigisi kwa vidole vyake, ameila mbele yangu, polepole, hadi ikaisha. Kisha ameweka sahani sakafuni, amejaza ndoo, ameondoka.

Bukari kidogo, mchuzi, shingo ya kuku.

Nimekula. Sijatapika.