Kombe la Kaburi la Baba

Kabiria, Nairobi

Kwa mdogo wangu Athmani,

Salamu nakupa kwanza, hata kama mkono unakataa. Natumaini u mzima, mkeo na watoto hawajambo, na uvimbe wa mguu wa mama umepungua. Mimi nashukuru, ijapokuwa baridi ya huku haina adabu na tope la Kabiria limemaliza viatu vyangu vya kazini. Kazi ni ileile, kuwapikia watu wa ofisi ya safari pale Hurlingham. Wanauza visiwa: ndege, kasa, mikoko, vijiji visivyofikiwa na gari. Safari hii wameuza chetu.

Jumamosi bosi wangu, Mama Wambui, alinichukua hadi kwake Kitisuru nipike wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa ajili ya wageni aliowapeleka kisiwani kwetu. Nilipika kwa furaha, mjinga mimi. Nilipoingia sebuleni na sinia, walikuwa wakitazama picha za safari ukutani. Nikaona makaburi yetu. Wamekaa juu ya kaburi la baba, Athmani, wanakula mayai ya kuchemsha, na maganda yametapakaa kwenye kokoto nyeupe alizozipanga mama kwa mkono wake. Mmoja ameegemea jiwe la kichwani na kofia ameitundika juu yake.

Nikatua sinia. Hapo mezani palikuwa na kombe limejaa majivu ya sigara na mifupa ya kuku. Kombe la baba, lile gamba kubwa la baharini alilokuwa akikumbia maji yaliyoingia chomboni, lenye ufa uliozibwa kwa saruji. Lile ambalo mama hulijaza maji kila Ijumaa juu ya kaburi, ndege wanywe na baba apate thawabu.

Nikalibeba hadi jikoni, Mama Wambui akanifuata.

"Hiyo usitupe, ni ya Coast. Guide wetu Athmani alitupatia."

"Alisema ni ya nini?"

"Ya kuwekea ndege maji. Ati ndege za huko zimezoea hiyo place, ndiyo maana alitupeleka. Hata hatukungoja. Zilikuja karibu hivi, tukapiga picha smart sana."

Nikamwambia limetoka kaburini kwa baba yangu. Akashika mdomo. Alisema hakuona msalaba wala jina, akadhani ni bustani ya mawe, na naamini aliona haya. Punde si punde akaniuliza kama naweza kumtafutia lingine, dogo kidogo.

Huyo simlaumu sana. Wewe ndiye unayenitia kinyaa. Ndege wale wanakuja kwa ajili ya maji yanayotekwa kisimani na mama yako mwenye mguu uliovimba, nawe ukawafanya mchezo wa kuonyesha wageni. Kisha ukamwambia mama kombe limevunjwa na mbuzi. Mama mwenyewe alinisimulia kwenye simu akilia, anajilaumu kwamba hakuwafunga, na eti wewe maskini ulihangaika kuokota vipande usivipate. Ulimwacha mama alie kwa kosa lako, ukaenda zako kula chakula cha jioni. Sijui ulikimezaje.

Kombe ninalo. Nimelisugua kwa sabuni na bado linanuka sigara. Nitalirudisha Idi ikifika. Wageni wapeleke mikokoni, wapeleke ufukweni kwa kasa, huko hakuna wetu aliyelala. Makaburini usiwafikishe tena.

Nisalimie shangazi yetu msuka mikeka, mjomba muadhini, na mkeo, ambaye nampa pole kwa mume aliyempata.

Najua barua zangu wewe ndiwe humsomea mama akiwa amejinyoosha kitandani, na najua ulivyo hodari wa kuruka mistari. Hii isome yote, pamoja na hapa. Nimempigia mama leo nikamwambia barua iko njiani, na kwamba ndani yake mna habari za kombe. Sikumweleza zaidi. Nimetaka azisikie kwa sauti yako.

Mimi dada yako,
Mwanaisha