Babu Mmoja wa Darasa Zima

Mpendwa Baba,

Shikamoo, huko uliko. Najua salamu hii haipiti posta. Lakini leo baada ya swala ya alasiri nilikuombea dua, na nilipofumba macho nikakuona wazi mno, nikaona nisikuache uondoke hivi hivi bila neno.

Ulikuwa umeketi mkekani, pale kambini kwetu Kimamba, suruali yako ya kazi imeingia weupe wa nyuzi za mkonge. Watoto wamekuzunguka na madaftari. Ni siku zile Uhuru ungali mpya, na mwalimu amewaagiza: andikeni hadithi aliyowasimulia babu, na jinsi babu alivyosafiri enzi zake. Sasa wale wangempata wapi babu? Wa huyu yuko Singida, wa yule Iringa, wa mwingine hata kaburi halijulikani. Baba zao walikuja kukata mkonge, wazee wakabaki nyuma. Basi wakaja kwako, mmoja mmoja, halafu kundi zima. Ukawajibu wote. Ukawapa hadithi ya sungura aliyeazima masikio akakataa kurudisha. Ukawapa safari yako ya miguu kutoka Songea, wewe na mwenzako mkivaa jozi moja ya viatu kwa zamu.

Wakaandika. Wote vilevile.

Jumamosi mwalimu akaja mwenyewe, madaftari kwapani.

"Shikamoo mzee. Nina watoto kumi na wawili, na babu zao wote wametoka Songea kwa viatu vya zamu."

"Marahaba, mwalimu. Vilikuwa viatu imara."

Alijaribu kununa, akashindwa. Ukamuuliza, "Na wewe babu yako yuko wapi?"

"Bukoba, mzee."

"Mbali. Basi kaa, mkeka una nafasi."

Akakaa, Baba! Ingawa Jumatatu aliwaamuru watoto waandike upya.

Ingekwisha hapo. Lakini kule bombani wanawake walinipokea kwa vicheko. "Mama, hebu tugawie na sisi ukoo, baba yako anao wa kumwaga." Watu hucheka wakachoka. Mimi ndiye sikuvumilia. Nikaja nyumbani, ndoo ingali kichwani, nikakuambia, "Baba, basi. Nyamaza. Tunachekwa."

Ulinitazama kidogo. "Haya, mama," ukasema.

Hukuninunia hata siku moja. Ila watoto walipokuja tena uliwaambia wakamuulize mwalimu wao, wakarudi na madaftari yao. Baadaye ukatangulia mbele ya haki, na yote uliyokuwa nayo ukaenda nayo.

Siku hizi tuko upande wa Masanze, katika kijiji cha ujamaa. Mimi mwenye darasa la nne langu nahudhuria kisomo cha watu wazima, na usicheke, watoto wa jirani huniletea maswali. Ya methali nayaweza. Ya Uhuru nayaweza, nilikuwepo. Ila juzi mjukuu wako Zaina, yuko darasa la sita sasa, amekuja na la kwake la shuleni, daftari mkononi: "Mama, mama yake babu aliitwa nani? Na kwa nini babu aliondoka kwao?"

Jina la kubuni lilishanifika mdomoni. Fatuma, nani angebisha? Nikamwogopa Mungu. Nikakuonea haya na wewe.

"Andika kwamba mama hajui," nikamwambia. "Babu alikuwapo, na alipenda kuulizwa. Mama akamwambia anyamaze."

Zaina akainua macho. "Niandike kweli?"

"Andika."

"Na kwa nini ulimnyamazisha?"

"Niliogopa vicheko vya bombani. Andika na hilo."

Akaandika polepole, ulimi nje, kama ulivyokuwa ukifanya ulipotia uzi kwenye sindano. Alipomaliza nikaona ameacha mistari mitatu mitupu. Nikamuuliza ni ya nini.

"Labda utakumbuka, Mama."

Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba mtu hakumbuki asichouliza. Baba, niwie radhi. Daftari liko hapa mbele yangu, na mistari ile ningali naitazama.

Mola akupanulie pale ulipolazwa, akukutanishe na huyo mama yako nisiyemjua jina.

Ni mimi binti yako,
Mama Zaina