Mistari ya Maswali ya Baba

Milimani, Kitale
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa kaka Makokha,

Salamu nyingi kutoka huku. Muscat mnaendeleaje na joto? Wifi Mary Ann alipona mgongo? Mimi ni mzima wa mwili, na mahindi yanapaliliwa mara ya pili. Moyo ndio hauko sawa, na sababu ni Baba.

Unajua tangu astaafu bado anatutungia maswali ya hesabu ya mtihani wa pamoja wa gredi ya sita. Ulizoea kumcheka kwamba anayapenda majibu ya uongo kuliko ya kweli. Aliyatoa kwenye makosa aliyoyaona darasani, hivyo mtoto aliyejumlisha badala ya kutoa alilikuta jibu lake pale B, linamsubiri.

Kazi yangu ofisini ni kuyapima maswali baada ya mtihani. Kompyuta inawapanga watoto kuanzia wanyonge hadi hodari, halafu inachorea kila jibu mstari wake, kuonyesha wangapi wamelichagua. Swali likiwa zima, mstari wa jibu sahihi unapanda kuelekea kwa hodari, na ile mingine mitatu inashuka. Ya Baba ilikuwa hivyo miaka yote, nami nikaringa nayo mbele ya wenzangu.

Muhula huu, kaka, mistari yake imenitoa machozi. Kwenye swali la kupima mahindi kwa kopo la gorogoro, jibu aliloliita sahihi lilichaguliwa na wanyonge tu. Hodari walikimbilia C, na C ndiyo ilikuwa kweli. Swali jingine halikuwa na jibu kabisa. Mistari yote minne ililala, watoto wanabahatisha. Nilidhani ni kosa la mchapaji mpaka nikatoa karatasi yenye mwandiko wa Baba, nikayakuta yaleyale.

Mkuu wetu, Bwana Kipketer, aliagiza alama za watoto zirekebishwe, akaniomba nimwambie mzee apumzike, kwa upole. Jana nikaenda nyumbani Bungoma na michoro. Baba akavaa miwani, akaisoma, maana kuisoma bado anajua. Kisha akaniuliza, "Nani ametunga hii maswali, Rispah? Si mumwambie apumzike. Ataumiza watoto ya watu."

Nikasema nitamwambia. Nikaenda jikoni kwa Mama, tukalia sote wawili.

Nikiondoka Baba alinipa swali jipya nilipeleke ofisini. Nakunakilia lilivyo: "Makokha anaishi wapi? A. Kitale. B. Endebess. C. Kimilili. D. Hapa nyumbani." Alama ameiweka kwenye D. Mama anasema jioni Baba hakubali sahani yako iondolewe mezani.

Wasalimie Mary Ann na mwanenu mdogo Nabwile. Mama anawaombea, na Mungu awafunike huko mliko.

Swali lile sikulipeleka popote, ninalo hapa kwenye mkoba. Usingoje likizo ya Desemba, kaka. Njoo ukae mezani, ili jibu la Baba liwe sahihi hata kwa siku chache.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Rispah